Kanuni Ambazo Sikumsomea Mama Mkwe

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuingia katika vichwa vya watu na kutoka na michoro. Ndivyo nilivyopenda kuieleza nilipoulizwa harusini au matangani, watu wakacheka, nami nikajiona mjanja. Kwenye kadi yangu ya kazi paliandikwa "mhandisi wa maarifa". Siku hizi nikilikumbuka jina hilo naona aibu, wala si aibu ya kupita.

Ofisi yetu ilikuwa Makutano, mjini Meru, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na rangi. Tulikuwa watu watano na bosi. Tulikuwa tunaunda mfumo wa kompyuta ambao mkulima angeuuliza kwa simu: ng'ombe wangu anafanya hivi na hivi, ana nini, na nifanye nini? Mfumo ungemuuliza maswali mawili matatu, kisha ungemjibu. Siku hizi watu wanadhani mashine inajua yenyewe. Yetu haikujua kitu. Kila neno ililomwambia mkulima lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu fulani, likaandikwa, likachorwa, likawa kanuni yenye namba, na nyuma ya namba hiyo palikuwa na sahihi ya mtu huyo.

Bosi aliiheshimu mbinu yetu kuliko alivyotuheshimu sisi. Aliisomea ng'ambo, akarudi nayo katika kitabu kinene kilichoachia gundi, na kila Jumatatu alitusomea ukurasa. Maarifa kwanza, alisema, kompyuta baadaye. Usiandike hata mstari mmoja wa programu kabla hujachora anachokijua mtaalamu wako. Na kulikuwa na lugha maalumu ya kuchora. Mstatili ulikuwa kitu: ng'ombe, kwato, homa, kupe. Duara lililobonyezwa lilikuwa hatua ya kufikiri: kuona, kushuku, kupima, kuamua. Mishale ilionyesha kipi kinakwenda wapi. Michoro yenyewe ilipangwa matabaka matatu, vitu chini, hatua za kufikiri katikati, na juu kabisa kazi yenyewe ambayo mtu anataka ifanyike. Ukishamaliza, mtu yeyote aliyejifunza lugha ile angeweza kuusoma mchoro wako na kufikiri kama mtaalamu wako bila kumjua.

Niliipenda lugha ile, sitadanganya. Nimezaliwa Kianjai, katika nyumba ambayo kila mtu alijua jambo fulani na hakuna aliyeweza kulieleza. Baba yangu alishika jani la mraa akakuambia mvua iliyolinyeshea, na ukimuuliza amejuaje anakukemea. Nilipoona kwa mara ya kwanza mchoro uliokamilika wa jinsi fundi fulani anavyotafuta hitilafu katika pampu ya maji, nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nikasema moyoni kwamba hii ndiyo njia ya kuwaokoa wazee wetu wasizikwe na wanayoyajua. Maneno makubwa hayo. Niliyaamini kabisa.

Tatizo lilikuwa kumpata mtaalamu. Madaktari wa mifugo hawakuwa na nafasi ya kukaa na sisi siku nzima wakiulizwa kwa nini wanashuku kile wanachoshuku. Mmoja alikuja asubuhi moja, akanywa chai yetu, akapokea simu sita, akaenda zake. Bosi alikuwa ameanza kukasirika. Basi nikainua mkono nikasema ninamjua mtu.

Nilimjua mama mkwe wangu. Anaishi Karurumo, upande wa Runyenjes, kwenye shamba la kahawa na makadamia lenye mteremko mkali. Hakusomea mifugo popote. Mumewe alipokufa alimwachia ng'ombe wawili na watoto wanne, akajifunza kwa sababu hakuwa na njia nyingine. Nilipomwoa binti yake tayari alikuwa mtu wa kuitwa. Vilima vinne vilimjua. Ng'ombe akikataa kula, akichechemea, akishindwa kuzaa, mtu aliteremka kwake hata kabla ya kumpigia daktari, na mara nyingi daktari hakupigiwa tena. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, aliwafundisha akina mama wa kanisa lao mambo ya mifugo, amesimama mbele yao na kilemba chake cheupe. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, jina lake. Mali nyingine ya kujivunia hakuwa nayo.

Mke wangu hakufurahi. Aliniuliza nitamwuliza mama yake nini hasa. Nikamwambia: magonjwa, dalili, dawa. Akauliza: na kuzaa? Nikasema tutaona tukifika.

Inafaa nieleze, kwa ajili ya aliyeoa kwingine. Kwetu, na kwa Waembu zaidi, mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hamketi kiti kimoja, hampeani mikono, hamtazamani usoni muda mrefu. Nikiingia kwake naketi upande wa dirisha, naye anaketi kando ya mlango, uso wake ukielekea uani. Mambo ya mwili hayatajwi kabisa. Mkwe hawezi kutamka mbele ya mama mkwe neno la tumbo la uzazi, au kiwele, au kupandwa, hata likiwa la mbuzi. Hakuna aliyetuketisha akatufundisha hayo. Unakua nayo tu, na ukiyavunja unahisi umevua nguo sokoni. Naye ni Mwembu, mimi ni Mmeru wa Tigania. Tuliongea Kiswahili, na Kiswahili kilitusaidia kidogo kwa sababu maneno yake hayakuwa na makali kama yale ya nyumbani. Kidogo tu, lakini.

Mke wangu alipendekeza niende na mwenzangu wa kike wa ofisini, yeye aulize, mimi nichore. Lilikuwa wazo la busara na lingechukua dakika moja kupangwa. Nilikataa. Kwa utaratibu wa bosi, anayemhoji mtaalamu ndiye mwenye mfumo, jina lake linatangulia katika ripoti, na mimi nilitaka jina langu litangulie. Nilimwambia mke wangu kwamba hii ni sayansi, si mambo ya kuogopana. Alinitazama, kisha akaendelea kumenya ndizi.

Nilikwenda Karurumo mara tisa. Siku za mwanzo zilikuwa tamu na bado nazikumbuka kwa furaha, ingawa sijui kama nina haki ya kuzifurahia. Kitabu cha bosi kilikuwa na mchoro wa kutafuta ugonjwa uliokwisha kutayarishwa: unapokea malalamiko, unashuku magonjwa kadhaa, unapima moja moja, unaamua. Kazi yangu ilikuwa kujaza tu. Lakini mama mkwe hakuanza na ng'ombe. Alianza kwa kuuliza nani anayemkamua, na kama mtu huyo amegombana na mwenzake wiki hiyo. Nilidhani anapiga soga. Akanieleza, akitazama uani, kwamba nyumbani kukiwa na ugomvi ng'ombe anakamuliwa kwa haraka, analishwa kuchelewa, anasahauliwa maji, na nusu ya magonjwa anayoitiwa yanaanzia jikoni. Nikachora duara jipya ambalo halikuwa katika kitabu. Bosi alipoliona alilisifu mbele ya wote.

Ndigana, ule ugonjwa wa kupe, aliijua kabla ya homa kupanda, kwa namna masikio yanavyolala. Kikohozi cha vumbi na kikohozi cha mapafu alivitofautisha akiwa bado barabarani. Nilijaza madaftari. Jioni nilirudi Meru nikachora mpaka mkono ukauma, na mchoro ulikua ukawa mzuri, nikaubandika ukutani.

Tulipofika kwenye kuzaa, aliinuka kuangalia kama chai imechemka. Chai ilikuwa mezani. Aliporudi niliuliza tena, kwa kuzunguka, nikisema "ile siku ng'ombe anapata mtoto", naye akajibu kwamba hayo ni ya kawaida tu, hayana mambo, na akaanza kunieleza habari za chumvi. Nikamshukuru Mungu. Kweli, nilishusha pumzi. 

Lakini mfumo haungeweza kuwa na pengo pale. Wakulima wangeuliza kuhusu kuzaa kuliko jambo lolote. Basi nilikwenda kwenye vibanda vya vitabu vya mitumba, nikanunua kijitabu cha zamani cha ufugaji, kurasa zake zimekuwa rangi ya chai, nikatoa humo kanuni kumi na nane. Namba arobaini na moja hadi hamsini na nane. Niliziandika kwa sauti ileile ya mama mkwe, kwa maneno mafupi kama yake, ili zifanane na zingine. Hilo nalo nilijisifia.

Mbinu yetu ilikuwa na ulinzi dhidi ya uchafu kama huo. Mwishoni unarudi kwa mtaalamu na kumsomea kila kanuni kwa lugha ya kawaida. Anakubali au anarekebisha, kisha anatia sahihi kila ukurasa. Bosi alikiita kikao hicho moyo wa kazi nzima.

Nilimsomea siku nzima. Arobaini za kwanza alizipigania moja moja. Kwenye ile ya ng'ombe kuvimba tumbo alinikata kabisa.

"Umeandika kama kuvimba ni moja tu," alisema. "Ile imekula majani mbichi na ile imemeza karatasi ya nailoni hazivimbi upande moja. Hiyo ya nailoni ukiipatia dawa ya mafuta unangoja bure. Toa hapo, andika mbili."

Nikatoa, nikaandika mbili chini ya namba ileile. Saa tisa hivi tukafika namba arobaini na moja. Nilikuwa nimeshika karatasi mkononi. Niliyaona maneno yaliyoandikwa pale, niliyoyaandika mwenyewe kwa kompyuta bila kusita, na mdomo ukakataa kufunguka. Nikageuza ukurasa, nikageuza mwingine.

"Hizi zingine, mama, kutoka hapa mpaka hamsini na nane," nikasema, "ni zile za kawaida. Nimezitoa kwa kitabu."

 Kuku aliingia mlangoni akatoka. Nilijua anajua ni zipi. Nilijua pia kwamba akiniambia nisome atakuwa ameniweka mahali ambapo mkwe hawekwi, na hawezi kunifanyia hivyo ndani ya nyumba yake.

"Kama ni za kawaida ni sawa, muthoni," alisema, akitumia neno lao la mkwe. "Lete kalamu."

Akatia sahihi kurasa zote, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyefika darasa la saba na kuyatunza aliyoyapata. Alinistahi. Sijawahi kustahiwa hivyo bila kustahili.

Mfumo ulizinduliwa Karurumo kwenyewe, katika mkutano wa wakulima, kwa sababu bosi alitaka watu waone kwamba maarifa ni yao. Mama mkwe aliketi mstari wa mbele, soda mkononi ambayo hakuifungua. Bosi alitangaza kwamba kila jibu litakalotoka katika simu litaishia na maneno haya: ushauri wa Mama wa Karurumo. Watu walipiga makofi, akina mama wa kanisa wakapiga vigelegele. Yeye aliinamisha kichwa. Nilimwona akitabasamu, na nilifurahi kwa ajili yake, na zile kanuni kumi na nane sikuzikumbuka hata kidogo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa.

Mvua za masika zilipoanza, ng'ombe wa jirani wa mama mkwe alizaa. Jirani huyo ni mama wa kilima cha pili, wanasali pamoja, na ng'ombe yule ndiye aliyekuwa akiilisha nyumba yake. Ndama alitoka salama lakini kondo la nyuma likabaki likining'inia. Zamani angeteremka kumwita mama mkwe. Ila njia ilikuwa tope tupu, na ya nini kumsumbua mzee kwenye mvua wakati maneno yake yamo kwenye simu? Akauliza simu. Simu ikamuuliza saa zilizopita, akajibu. Ikamwambia avae glavu na alivute kondo lile polepole hadi litoke lote. Chini yake: ushauri wa Mama wa Karurumo.

Alivuta. Lilikatika ndani. Damu ilitoka, kisha homa, kisha harufu, na siku ya nne ng'ombe akafa.

Yaliyofuata nimeyapata kwa mke wangu, aliyeyapata kwa dada yake. Jirani alikuja kwa mama mkwe bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisimama mlangoni akasema amefanya vile alivyoambiwa, akamwonyesha simu. Mama mkwe aliichukua, akaisoma kanuni yangu kwa mara ya kwanza, akiwa amesimama, miwani haipo, simu ameisogeza mbali na macho. Alisoma mara mbili. Angeweza kusema: haya si yangu, mkwe wangu hakunisomea. Alisema pole, akaomba asamehewe.

Hakuna aliyemtukana. Karurumo si watu wa hivyo. Waliacha tu kumwita. Walianza kumpigia muuza dawa za mifugo kituoni, na waliokutana naye njiani walimsalimu vizuri na kupita. Jumapili ya mwisho wa mwezi ule ilitangazwa kanisani kwamba baada ya ibada akina mama watafundishwa kutengeneza sabuni. Aliketi akajifunza kutengeneza sabuni.

Habari zilifika Makutano kupitia malalamiko. Mfumo wetu ulikuwa na sifa moja ambayo bosi aliipenda kuliko zote: kila jibu lingeweza kuulizwa kwa nini. Unabonyeza mahali, nao unakuonyesha kanuni iliyotumika na ilikotoka. Bosi alituita wote, akabonyeza. Kanuni ya arobaini na saba. Chanzo, mtaalamu. Imethibitishwa, ndiyo. Sahihi, ipo.

"Mtaalamu wako alikosea," bosi aliniambia. Hakuwa mkali. "Angalau mbinu imetuonyesha ni wapi."

Alinitazama akingoja. Wenzangu wanne walinitazama. Mmoja wao alikuwa yule mama ambaye ningeweza kwenda naye. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, na kila neno lake nililijua.

"Inaonekana hivyo," nikasema.

Bosi aliamuru mama mkwe aondolewe katika orodha ya wataalamu na lile jina la Mama wa Karurumo lifutwe katika majibu yote. Kufuta kulinihusu mimi kwa kuwa mfumo ulikuwa wangu. Nikafuta. Nilipokuwa nikifunga faili lake niliikuta fomu ya mwanzo kabisa, ile mbinu inayodai ijazwe kabla ya mahojiano yoyote. Kuna mahali panapouliza kama kuna jambo lolote kati ya mhoji na mtaalamu linaloweza kuzuia mazungumzo. Nilikuwa nimeandika: hakuna. Kwa hiyo hata mbinu siwezi kuilaumu. Iliniuliza. Kwa muda mrefu nilitembea mjini nikiwaambia watu kwamba vitabu vya wazungu havijui mila zetu, nikasikilizwa, na wakati wote ule fomu ilikuwa kwenye droo yangu ikiwa na mwandiko wangu.

Mke wangu aliniuliza swali moja tu.

"Ulimsomea?"

 Shule zilipofungwa aliwachukua watoto wakaenda Karurumo, na shule zilipokaribia kufunguliwa hakusema atarudi lini.

Nilikwenda Jumamosi moja asubuhi. Nilikuwa nimejitayarisha, nimeyapanga maneno yangu ya toba tangu Meru hadi pale, mengine ya Biblia. Nilipoingia niliketi upande wa dirisha kama kawaida. Mama mkwe hakuketi kando ya mlango. Alivuta kigoda akakiweka mbele yangu, karibu, magoti yetu yakakaribia kugusana, akanitazama usoni. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijajua kwamba jicho lake moja lina doa.

Nilianza kuomba msamaha. Alinyoosha mkono kuninyamazisha.

"Uko na karatasi?" aliuliza. "Andika."

Akaanza kusema. Alizungumza zaidi ya saa mbili bila kutazama uani hata mara moja. Alitaja kila kitu kwa jina lake, na Kiswahili kilipomwishia alitumia Kiembu, maneno ambayo sijawahi kumsikia mama wa umri wake akimwambia mwanamume yeyote. Kondo la nyuma halivutwi. Unaliacha lining'inie, unakata tu linaloburuta chini, unamwosha ng'ombe kwa maji ya vuguvugu na kumwekea majani makavu, na unatazama mambo mawili, anakula au hali, na harufu ya siku ya pili ikoje. Akiacha kula au harufu ikibadilika unaita daktari siku hiyohiyo. Ng'ombe aliyetupa mimba usimguse kwa mkono mtupu, hata akiwa wako, kwa maana ugonjwa ule unahamia kwa watu. Ndama akitanguliza miguu, tazama nyayo: zikielekea chini ni ya mbele, zikielekea juu ni ya nyuma, na hapo huna muda wa kungoja. Alinieleza mkono unavyoingia na unachokutana nacho kule ndani, na alinionyesha kwa mkono wake mwenyewe, hewani, kati yake na mimi.

Niliandika kurasa kumi na moja. Ndiyo mahojiano bora niliyowahi kufanya katika kazi ile, na nilitaka kulia tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Jikoni, ambako mke wangu alikuwa akiosha vyombo, hapakusikika tena hata kijiko.

Alipomaliza nilimwambia kwamba kesho yake nitasimama kanisani kwao niseme ukweli wote. Nilimaanisha. Alitikisa kichwa.

"Utasema nini? Ati ulisoma mpaka arobaini ukaacha? Watauliza mbona, na utasema ni heshima. Halafu watauliza umejua aje hizi za leo. Wataambiana muthoni wa fulani alikaa na yeye wakaongea hizo vitu uso kwa uso." Alisimama akarudisha kigoda ukutani. "Huyo msichana yangu bado ni bibi yako. Atapita wapi? Wacha ikae kwangu. Mimi nimeshazoea."

Kisha akaninyooshea mkono kuniaga. Nikaushika. Ulikuwa mgumu na baridi. Mke wangu aliporudi Meru, wiki mbili baadaye, alinieleza nilichokuwa nimekwisha kukielewa pale pale. Mama yake hakunisamehe wala hakunifukuza. Alinihamisha tu. Mambo yale anaweza kumwambia daktari au afisa wa serikali aliyekuja na karatasi, na sasa mimi ni mmoja wao. Tangu siku ile ananisalimu kwa mkono kila nikienda, ananiita bwana, na ananiuliza habari za kazi.

Sikusimama kanisani. Nilimtii. Katika maisha yangu sijawahi kutii agizo lililonifaa kama lile.

Kanuni mpya niliziingiza zote kumi na nane, kwa maneno yake. Mfumo ulitaka chanzo. Yeye alikuwa amefutwa katika orodha, na ili kumrudisha ingenibidi kueleza, basi nikaandika jina la ofisi. Bosi alizisoma akasema kwamba haya sasa ndiyo maarifa.

Mwezi uliopita tulikuwa Karurumo kwa chakula cha mchana. Yule jirani wa kilima cha pili alipita kuleta maharagwe mabichi. Alipata ng'ombe mwingine, amezaa juzi, na kondo la nyuma lilikwama tena kama la yule wa kwanza. Aliiuliza simu kwa woga, nayo ikamwambia asivute, akate linaloburuta tu, atazame kula na harufu. Lilitoka lenyewe siku ya pili. Ng'ombe mzima, ndama mzima. Alikuwa na furaha, na kwa kuwa ni mtu mwema alitaka mama mkwe afurahi naye.

"Usiskie vibaya, mama," alimwambia, akimshika bega, "lakini hiyo simu ilipata akili tangu wakutoe."

Mama mkwe alisema ni vizuri, akapokea maharagwe. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, kikombe mkononi, nikanywa chai yangu.